Jaramogi na Koti la Jioni

Ulikuwapo wakati ambapo kadi ya mwaliko wa dhifa kubwa nchini ilikuwa na mstari mmoja mfupi chini kabisa, uliomwamuru mgeni avae nini. Koti jeusi la jioni, shati jeupe lililotiwa wanga, tai ya kipepeo. Na kwa mabibi, gauni refu lifikalo vifundoni. Mstari huo umeadimika. Katika hafla za heshima mjini Kisumu siku hizi, suti ya kawaida hukaa bega kwa bega na kitenge, na shati lisilo tai halimshtui mtu. Wapo walimu wanaosikitika kwamba huu ni ulegevu, na kwamba vijana hawajui tena kutofautisha ukumbi na soko. Kilio chao nakielewa, lakini nadhani wanakosea chanzo chake. Katika ufuo huu wa ziwa, koti la jioni halikuanguka kwa uvivu. Alikuwapo mtu aliyelikataa kwa makusudi, mbele ya macho ya wakubwa, kisha akavaa kitu kingine kwa uangalifu uleule. Mtu huyo ni marehemu Jaramogi Oginga Odinga.

Alizaliwa yapata mwaka 1911 huko Nyamira Kang'o, Sakwa, katika eneo la Bondo. Reli ilikuwa imefika ziwani miaka kumi tu kabla, mwaka 1901, na Kisumu ingali changa. Wajaluo wa enzi hizo walikuwa na neno jonanga, yaani watu wa nguo. Waliitwa hivyo wafanyabiashara waliotoka pwani, na baadaye waumini wa misheni waliojisitiri kwa shati na kaptura. Hivyo basi, kabla Odinga hajajua kusoma, nguo ilikuwa tayari ni hoja kijijini. Aliyevaa shati alikuwa ametangaza amehamia upande gani.

Kijana huyo alipitia Maranda, Maseno na Alliance, kisha akaingia Makerere, akatoka na stashahada ya ualimu. Shule za misheni zilimfunza Mwafrika kuvaa nguo, lakini kwa kiasi. Wanafunzi walivaa kaptura, na wengi walikwenda peku. Hapa pana jambo ambalo wanaolilia koti la jioni husahau. Watawala walioleta koti hilo hawakupendezwa kuliona likivaliwa na Mwafrika. Aliyejitokeza na suti kamili alikejeliwa kuwa anajikweza. Katika vilabu vya Wazungu, ambako koti lilivaliwa usiku hata penye joto la ziwa, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, amevaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, amebeba sinia. Tafakari hilo, msomaji: kanzu, vazi la heshima la pwani nzima, liligeuzwa sare ya mtumishi, ili koti la bwana lizidi kung'aa.

Odinga alirudi Maseno kufundisha, na mgogoro wake wa kwanza mkubwa ulihusu majina. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Obadiah Adonijah. Wanawe wa kwanza walipozaliwa, Oburu mwaka 1943 na Raila mwaka 1945, alishikilia wabatizwe kwa majina ya Kiafrika pekee, jambo lililowakera wakuu wa kanisa. Mwishowe naye akayaacha majina yake ya ubatizo. Aliyekwisha kuuliza kwa nini Mungu amtambue mtoto kwa jina la Kiingereza tu, hakuwa mbali na kuuliza kwa nini mheshimiwa atambulike kwa koti la Kiingereza tu.

Aliacha ualimu akaingia katika biashara. Shirika la Luo Thrift and Trading, lililoandikishwa mwaka 1947, lilikusanya hisa za watu wa kawaida, likaendesha kiwanda cha uchapaji na kujenga jumba la Ramogi mjini Kisumu. Kazi hiyo inastahili makala yake yenyewe. Mwaka 1953 alizuru India, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka 1947, na ambayo waziri mkuu wake, Nehru, aliwapokea wageni wa dola akiwa na vazi la kwao lililofungwa vifungo hadi shingoni. Sidhani kwamba Odinga, mtu mwenye jicho kali, aliliona hilo akalipuuza. Katika miaka hiyohiyo alikuwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Luo Union, na jina la Jaramogi, linalomfungamanisha na Ramogi, mzee wa asili, likamganda.

Uchaguzi wa Machi 1957 ulimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Alimshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa waziri. Baraza hilo lilifuata desturi za Westminster. Gavana alikuwa na sare yake nyeupe na kofia ya manyoya, na walioitwa mbele yake walitarajiwa kuiga Uingereza kadiri ya uwezo wao. Odinga alijulikana kwa mavazi mengine: kofia ya shanga, ambayo Wajaluo huiita ogut tigo, joho la kola iliyofungwa, ndala za akala, na usinga mkononi. Nguo zile zilikuwa safi, zimeshonwa vizuri, na zilivaliwa kwa mpango. Hakuwa mtu aliyeamka akajirushia chochote. Alikuwa na adabu ya vazi kuliko wengi waliomcheka. Alichokikataa ni kwamba adabu hiyo ilikuwa na mshonaji mmoja tu, tena wa London.

Haki inanilazimu kumtaja pia Tom Mboya, mwana wa Rusinga, aliyeingia barazani mwaka uleule. Mboya alipendeza katika suti kuliko mawaziri wengi wa Kizungu, na suti yake nayo ilikuwa hoja. Ilimwambia mtawala kwamba hata vazi lako si siri tena, nimelivaa na limenikaa. Wanafunzi wa historia huwapambanisha wawili hawa kwa siasa zao. Ingefaa pia wawapambanishe kwa makabati yao, maana kila mmoja alijibu tusi lilelile kwa njia yake, na sioni aliyekosea.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, vazi la Odinga lilikuwa limeshinda nusu ya vita. Picha nyingi za Mzee Kenyatta za miaka hiyo zinamwonyesha ana kofia ya shanga ya Kiluo kichwani na usinga mkononi, huku chini ya shingo akiwa na suti ya Kizungu. Hata Malcolm MacDonald, gavana wa mwisho, alikuwa mtu asiyependa makuu ya mavazi. Nusu ya pili haikushindwa kamwe. Wakuu wa mikoa waliendelea kuvaa kaki na kofia za kikoloni kwa miaka mingi, na Bunge likabaki na koti na tai.

Odinga akawa Makamu wa Rais Desemba 1964, akajiuzulu Aprili 1966, akaunda chama cha KPU. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Ilikuwa sherehe ya heshima kubwa kabisa kwa mji huu, yenye jukwaa, wageni na itifaki kamili. Wazee wawili walijibizana hadharani, risasi zikafyatuliwa, raia wakafa, watoto wakiwamo. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971. Hospitali ileile leo ina jina lake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kufungiwa milango. Aliposaidia kuasisi FORD mwaka 1991 alikuwa mzee wa miaka themanini, na kofia ile ilikuwa bado kichwani. Alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa Nyamira Kang'o.

Je, tumerithi nini? Mwaka 2004 serikali ilizindua vazi la taifa lililobuniwa baada ya shindano la wabunifu. Wananchi hawakulivaa. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, hali Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiipenda. Huko Stockholm, ambako wanaume hupokea Tuzo ya Nobel wakiwa na koti lenye mkia na tai nyeupe, utaratibu humruhusu mgeni kuvaa vazi la taifa lake badala ya koti hilo. Mkenya akialikwa huko kesho, atavaa lipi? Swali hilo ndilo ninalowarudishia walimu wanaosikitika. Tuliacha koti la jioni, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba wengi wetu tulichukua kwa Jaramogi ule uhuru wa kukataa, tukaiacha ile kazi ya kuchagua, kushona na kutunza. Aliyefika kwenye dhifa na fulana yenye nembo ya kampuni asijifiche nyuma ya jina lake.

Chuo kikuu cha Bondo, chenye jina la Jaramogi tangu 2013, huwavika wahitimu wake joho na kofia bapa zilizotokana na vyuo vya Ulaya ya kale. Wazazi husafiri kutoka Usenge na Asembo kuja kuzitazama, na hakuna anayeona ajabu. Mwanawe Raila alipofariki Oktoba 2025 na kuzikwa Kang'o, kofia yake ilikabidhiwa familia kwa heshima zote, na umati ukalia kwa kuiona. Haikuwa ya shanga. Ilikuwa kofia pana ya kizungu, ambayo kwa miaka mingi alikuwa ameivaa kwa namna ambayo hakuna aliyekumbuka tena kwamba ilitoka kwingine.