Jenerali Squier, mzee aliyepitisha sauti juu ya waya za umeme



Siku hizi hapa Kasongo, na hata kule Kabambare, mtu akirudi safari anaweza kuwa na visanduku viwili vidogo ndani ya mfuko wake. Kimoja unachomeka kwenye prizi karibu na ruteri. Kingine unachomeka kwenye prizi ya chumba cha nyuma, kule wifi haifiki sababu ya kuta za matofali ya kuchoma. Intaneti inapita ndani ya waya za umeme za nyumba na kutokea kule nyuma. Watu wanauliza kama ni kweli ao ni maneno ya wauzaji tu. Ni kweli. Na wazo hilo si la jana, lina zaidi ya miaka mia moja. Mmoja wa waliolifungulia njia alikuwa askari, jenerali wa Marekani. Jina lake George Owen Squier.

Alizaliwa tarehe 21 mwezi wa tatu 1865 katika kijiji cha Dryden, jimbo la Michigan. Aliingia shule ya maofisa ya West Point na kumaliza 1887. Kwa askari wengi masomo yanaishia hapo. Yeye aliendelea, akiwa bado kazini, kusoma sayansi ya umeme kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, na mwaka 1893 akapata udaktari. Wakati ule afisa wa jeshi mwenye diploma ya namna hiyo alikuwa mtu wa kutafuta kwa tochi.

Jeshi lilimtuma kwenye kitengo cha mawasiliano. Kati ya 1900 na 1902 alikuwa ndani ya meli Burnside, wakilaza waya za telegrafu chini ya bahari kati ya visiwa vya Ufilipino. Kisha 1904, kule California, alifanya jambo ambalo sisi watu wa Maniema tunaweza kulipenda: aligongomelea msumari kwenye mti mbichi, akafunga waya, akaonyesha kwamba mti uliosimama unaweza kutumika kama antena. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia walitumia miti vilevile kusikiliza ishara za redio zilizotoka Ulaya. Ukiona mzee amefunga waya ya redio yake juu ya mwembe, usimcheke.

Ndege pia alizijua mapema. Alikuwa kati ya maofisa waliopanga masharti ya ndege ya kwanza ambayo jeshi la Marekani lilitaka kununua. Tarehe 12 mwezi wa tisa 1908 alipanda pamoja na Orville Wright kule Fort Myer, wakakaa hewani karibu dakika tisa. Siku tano nyuma yake, ndege hiyohiyo ilianguka na kumuua Luteni Thomas Selfridge aliyekuwa amekaa kwenye nafasi ileile ya abiria.

Lakini jambo lililotuleta hapa njo la mwaka 1910. Wakati ule laini moja ya telefone ilibeba mazungumzo mamoja tu. Watu wawili wakiongea, wengine wangoje. Squier, mjini Washington, alichukua laini ya kawaida na kupitisha juu yake mawimbi ya namna ya redio, yanayotetemeka haraka sana kuliko sauti ya mtu. Mazungumzo ya kawaida yakaendelea chini, na mengine yakapanda juu ya mawimbi yale. Kule mwisho wa laini chombo kinayatenganisha, kila moja na njia yake. Ni kama barabara moja ambayo baiskeli inapita chini na ndege inapita juu: hazigongani. Wengine huko Ulaya walikuwa wanaitafuta njia hiyo pia, lakini yeye aliionyesha ikifanya kazi na kuiandikisha. Mwezi wa kwanza 1911 alipata hati nne za uvumbuzi.

Hapo akafanya kitu ambacho wengi hawakifanyi. Alitangaza kwamba uvumbuzi huo anautoa kwa watu wote. Magazeti yakamsifu. Kampuni kubwa ya telefone, AT&T, ilitengeneza mitambo yake ya namna hiyo, na mwaka 1918 ikaanza kuitumia kati ya Baltimore na Pittsburgh. Miaka ilipopita, Squier akaona pesa inapita mbele ya macho yake. Akaenda mahakamani, akieleza kwamba aliposema watu wote alikuwa na maana ya serikali na kazi zake, si kampuni za biashara. Mahakama ilikataa: ulichowapa watu wote ni cha watu wote, na kampuni imo. Mimi namwelewa, na majaji pia nawaelewa. Kama angeandika vizuri siku ya kwanza ni nani anayepewa na nani hapewi, kesi ingekuwa nyingine. Pale ambapo shamba ao kiwanja kinatolewa kwa mdomo tu, sisi wenyewe tunajua inaishia wapi.

Kwenye vita alikuwa mkubwa wa mawasiliano ya jeshi lote, tangu 1917. Ndege za jeshi zilikuwa chini yake pia, na hapo hakufaulu: ndege zilichelewa, malalamiko yakawa mengi, na 1918 kazi ya ndege ikatolewa kwenye kitengo chake.

Baada ya vita alirudia waya, safari hii waya za umeme. Kama laini ya telefone inabeba mambo mawili, waya inayowasha ampule kwa nini isibebe muziki? Mwaka 1922 kampuni kubwa ya umeme, North American Company, ilichukua haki za wazo hilo. Wakajaribu kwenye nyumba za Staten Island, karibu na New York: mtu anapata muziki na habari kupitia waya ya umeme, anailipia pamoja na bili ya umeme. Lakini redio za hewani zilikuwa zimekwisha kuanza, na hazikulipisha msikilizaji. Nani atalipa kitu kinachopita hewani bure? Kampuni ikageukia mahoteli na maduka. Jina jipya, Muzak, Squier alilitunga kwa kuunganisha neno la muziki na jina la Kodak aliyolipenda. Alikufa tarehe 24 mwezi wa tatu 1934, mwaka uleule jina hilo lilipoanza kazi.

Wazo la waya za umeme liliingia tena majumbani mwaka 2001, pale makampuni yalipokubaliana kanuni moja ya visanduku vya prizi iliyoitwa HomePlug. Umeme wa nyumba unageuka mara 50 kwa sekunde. Intaneti inapanda juu yake kwa mawimbi ya mamilioni kwa sekunde. Njo kazi ya Squier ile.

Sasa nyumba zetu. Visanduku hivi vinataka umeme wa 220. Kama nyumba yako ina sola ya volti 12 inayokwenda moja kwa moja kwenye ampule, havitawaka. Kwenye grupe ao konvertisere vinaweza kufanya kazi, lakini konvertisere ya bei ndogo inatoa umeme wenye kelele, na kelele hiyo inakula intaneti. Chaja mbaya ya simu nayo inafanya hivyohivyo. Chomeka kwenye prizi ya ukutani, si kwenye ralonji. Vyumba vyote viwili viwe kwenye umeme wa chanzo kimoja: kama chumba cha nyuma kina sola yake peke yake, hakuna njia. Namba iliyoandikwa kwenye karatoni, mega 200 ao zaidi, usiitegemee, na kama koneksiyo inayoingia nyumbani ni dhaifu, kisanduku hakiiongezi. Kabla ya kutoa dola, uliza bei ya waya ya kawaida ya rezo. Inafika mita 100, na haijali grupe wala sola.

Kule Dryden, Squier alinunua kiwanja chenye kinu cha zamani, akakifungua kwa watu wa vijijini waje kupumzika bila kulipa. Kiko mpaka leo, na kinabeba jina lake.