Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeisaka saratani kijiji kwa kijiji

Denis Burkitt alikuwa na jicho moja tu. La kulia lilipotea akiwa na miaka 11, pale jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilipovunja miwani yake huko kwao Ireland. Baadaye jicho hilo likamponza: ombi lake la kwanza la kwenda kufanya udaktari kwenye makoloni ya Uingereza barani Afrika lilikataliwa.

Lakini leo jina lake ndilo linaloandikwa kwenye faili la mtoto anayeugua saratani fulani ya matezi, iwe Mwanza, Kisumu au Kampala. Na kwa watu wa Sirari, Tarime na Rorya, habari zake si za mbali. Ramani aliyoichora ndiyo iliyoleta wilayani kwao jaribio la kuzuia saratani kwa vidonge.

Kutoka uhandisi hadi upasuaji

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen. Baba yake alikuwa mhandisi, naye akaanza kusomea fani hiyo hiyo pale Trinity College, Dublin. Hakukaa sana, akahamia udaktari na kumaliza mwaka 1935.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta akiwa daktari wa upasuaji, akatumwa na jeshi hadi Afrika Mashariki. Akapapenda. Vita ilipoisha aliomba tena kazi, safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 akapangiwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na miaka miwili baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mtoto wa Mulago, mtoto wa Jinja

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt hakuelewa ni nini. Jipu halivimbi hivyo, na saratani aliyoizoea haikai hivyo.

Wiki chache baadaye akiwa hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani na kumwona mtoto wa kike mwenye uvimbe ule ule. Mtoto mmoja unaweza kusema ni bahati mbaya. Wawili, tena miji tofauti? Hapo ndipo alipoanza kupekua mafaili ya zamani.

Akagundua kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa macho, ambao madaktari waliuandika kwa majina tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha matokeo yake. Ugonjwa huo sasa unaitwa limfoma ya Burkitt.

Safari ya gari bovu

Swali lililofuata lilikuwa rahisi kuuliza ila gumu kujibu: ugonjwa huu uko wapi na hauko wapi? Burkitt alipata ruzuku ya pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha na maswali, akazisambaza kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Majibu yakaja, naye akawa anachomeka pini kwenye ramani iliyoning'inia ukutani.

Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari aina ya Ford lililokwishatumika na kuelekea kusini. Walizunguka wiki kumi, maili kama 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali lile lile.

Picha ikajitokeza. Ugonjwa ulikuwa mwingi kwenye joto, mvua na mbu, na ulikuwa haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Yaani ulifuata njia za malaria. Ukisimama Sirari, juu kwenye vilima vya Tarime, kisha ukateremka hadi pwani ya ziwa kule Rorya, unapita kwenye tofauti hiyo hiyo ndani ya safari fupi ya gari.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Sampuli za uvimbe zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakapata ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Vidonge vilipofika Mara

Kama malaria inaisaidia saratani hii, je, ukizuia malaria utazuia saratani? Swali hilo halikujibiwa Ulaya, lilipelekwa wilaya ya Mara Kaskazini, ambayo leo ni Tarime na Rorya. Hospitali ya Shirati, iliyoanzishwa na Wamennonite, ilikuwa imeanza kuwaandikisha wagonjwa wa limfoma hiyo tangu miaka ya 1960. Mmoja wa madaktari walioifanya kazi hiyo ni Glen Brubaker.

Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini. Mwanzoni malaria ilishuka kweli. Baada ya muda mfupi vimelea vikarudi, ingawa vidonge viliendelea kugawiwa. Saratani nayo ilipungua wakati wa jaribio, kisha ikapanda tena baada ya kusitishwa.

Ushindi? Watafiti hawakukimbilia kusema hivyo. Kupungua kwa saratani kulikuwa kumeanza hata kabla ya kidonge cha kwanza kugawiwa, kwa hiyo huwezi kukipa klorokwini sifa zote. Ndiyo faida ya kupima: matokeo mazuri nayo lazima yahojiwe.

Akahamia kwenye sahani

Burkitt alikuwa ameondoka Uganda mwaka 1966, lakini tabia yake ya ramani hakuiacha. Safari hii akajiuliza kwa nini saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ikiwaua Wazungu wengi, ilikuwa adimu sana kwenye hospitali za vijijini Afrika.

Jibu alilitafuta kwenye chakula, na hata chooni. Alipima kinyesi na muda ambao chakula hukaa tumboni. Kwa wanakijiji wa Uganda kilichukua kama siku moja na nusu kutoka. Kwa Waingereza aliowapima, zaidi ya siku tatu. Akasema tofauti iko kwenye nyuzinyuzi: nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga, matunda. Kwa lugha ya Mara ni ugali wa mtama au ulezi, mchicha, viazi vitamu na kande.

Kwenye mihadhara alipenda kuonyesha katuni ya watu wanaodeki sakafu iliyofurika maji huku bomba liko wazi. Kwake madaktari walikuwa wakideki, na kazi ya kwanza ilikuwa kufunga bomba.

Alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akiwa na miaka 82.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake

Wakati huo dunia ilikuwa imeshaanza kutafuta njia ya mkato. Watafiti waliona wanaokula matunda na mboga kwa wingi hawapati saratani sana. Wengi wakaamini siri ni antioksidanti kama beta-karotini, vitamini C na vitamini E, ambazo hutuliza chembe korofi zinazoharibu seli. Basi kwa nini usiziweke kwenye kidonge?

Aprili 1994 jibu likatoka Finland. Wanaume 29,133 wavutaji sigara walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Januari 1996 jaribio kama hilo la Marekani likasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi. Mwaka 2011 ikaja zamu ya vitamini E: kwa wanaume zaidi ya 35,000, ilionekana kuongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Hata nyuzinyuzi za Burkitt hazikusalimika. Majaribio mawili ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2000, moja likiwa la pumba za ngano, hayakupunguza vinyama vya utumbo vinavyoweza kugeuka saratani. Lakini tafiti kubwa zinazofuatilia mlo mzima wa watu kwa miaka mingi zimeendelea kuonyesha kuwa wanaokula nafaka isiyokobolewa na nyuzinyuzi nyingi hupata saratani ya utumbo kidogo.

Kinachobaki kwa mwenye simu mkononi

Siku hizi matangazo ya virutubisho vya kuzuia saratani yanaingia kwenye simu kila saa, na kopo moja linaweza kumaliza hela ya mboga ya wiki nzima. Ushahidi uliopo hauwaambii watu wenye afya wanunue vidonge vya antioksidanti ili kujikinga na saratani. Kwa mvuta sigara, beta-karotini ya kidonge ni hatari kabisa.

Tahadhari moja: hapa hayazungumzwi matone ya vitamini A ambayo watoto hupewa kliniki, wala vidonge vya madini chuma na foliki asidi vya wajawazito. Hivyo vina kazi nyingine na havipaswi kuachwa.

Bomba lenyewe linafungwa kwa njia zinazojulikana: kuacha sigara, kupunguza pombe, kumpeleka binti kuchanjwa HPV, chanjo ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na kula chakula ambacho Burkitt alikiona kwenye sahani za vijijini. Ajabu ni kwamba chakula hicho bado kinauzwa sokoni Sirari kwa bei ya chini kuliko kopo la vidonge, huku sahani nyingi zikihamia kwenye sembe na chipsi.