Frederick Griffith, daktari aliyeona mikrobe hai zikichukua nguvu kwa zile zilizokufa

Nimonia, ugonjwa wa mapafu unaoua watoto wengi, ndiyo ilimpa Frederick Griffith kazi kubwa ya maisha yake. Daktari huyu Mwingereza alimaliza masomo Liverpool mwaka wa 1901. Baadaye alifanya kazi katika laboratwari ya Wizara ya Afya, mjini London. Alikuwa mtu wa kimya, hakupenda kujionyesha.

Homa kubwa ya mwaka wa 1918 ilipopita, nimonia ilikuwa imebeba watu wengi. Griffith alichunguza makohozi ya wagonjwa, akaona mikrobe za sura mbili. Zingine zimevaa ganda la sukari: hizo zinaua, juu kinga ya mwili inashindwa kuzikamata. Zingine hazina ganda, haziui.

Mwaka wa 1928 alitangaza jambo la kushangaza. Alipiga panya sindano ya mikrobe zisizo na ganda, wakaishi. Akapasha moto zile za ganda mpaka zikafa, akapiga panya wengine, nao wakaishi. Kisha akachanganya zile hai na zile zilizokufa. Panya wakafa. Ndani ya damu yao akakuta mikrobe hai zenye ganda, na zilipozaana, uzao wao pia ulikuwa na ganda. Basi zile hai zilikuwa zimechukua kitu kwa zile zilizokufa, na kikabaki katika ukoo.

Kitu gani? Griffith hakupata kujua. Mwaka wa 1941, wakati wa vita ya pili ya dunia, bomu la Wajerumani lilimuua nyumbani London, pamoja na mwenzake wa kazi. Miaka 3 baadaye, Oswald Avery na wenzake wawili, kule New York, walionyesha kama kitu hicho ni ADN.

Leo tunajua vile inaendeka. Mikrobe ikipasuka, ADN yake inamwagika. Jirani yake inavuta kipande, inakiunganisha na ADN yake yenyewe. Kwa njia hiyo mikrobe za nimonia zilipata kwa jamaa zao nguvu ya kushinda penisilini.

Ndiyo maana kumeza antibiotiki ovyo ni hatari kwa wote. Dawa inaua mikrobe dhaifu, zile sugu zinabaki, na zinaweza kugawia zingine. Meza sawa daktari alivyoandika. Na kama ni mafua tu, usikimbilie antibiotiki kwenye farmasi.