Sidney Bechet na chombo alichochagua mwenyewe

Leo tunawaletea maisha ya Sidney Bechet, mupiga klarineti wa Marekani. Wazee wetu wengi wanajua wimbo wake «Petite fleur». Lakini namna alichagua chombo chake, hiyo haisemwi sana. Na sisi tunaoshika chombo mukononi kila siku, inatugusa.

Alizaliwa New Orleans tarehe 14/05/1897, mu familia ya watu weusi waliosema Kifaransa. Baba yake alikuwa fundi wa viatu. Klarineti ya kwanza haikuwa yake, ilikuwa ya mukubwa wake Leonard. Mutoto alikuwa anaichukua kwa kujificha. Wakati familia ilimusikia, walishindwa kumukatalia, sababu alikuwa amepita mwenye chombo. George Baquet na Lorenzo Tio walimufundisha, lakini nota za karatasi hakuzifuata. Alikuwa anashika yote kwa masikio.

Wakati ule klarineti zilikuwa za namna mbili. Moja waliiita Albert, jina la fundi Eugène Albert wa Bruxelles. Ingine ni Boehm, iliyotengenezwa Paris na Klosé pamoja na Buffet. Boehm ina vidude vya kubonyeza 17, Albert kwa kawaida 13. Na Boehm vidole vinakimbia bila shida, njo maana iliingia mu mashule na mu orkestra kubwa. Wapigaji wengi wa New Orleans walibaki na Albert, juu walisikia sauti yake ni nene, inafika mbali mu barabara. Bechet naye alibaki nayo, hata wakati wengine waliiona chombo cha zamani.

Si kusema alikuwa anakataa vipya. Mwaka 1919 alivuka bahari na orkestra ya Will Marion Cook. Kule London aliona mu duka saksofoni soprano, ile ya kunyooka, akainunua. Ilikuwa na nguvu ya kusimama mbele ya tarumbeta. Ikawa chombo chake cha kwanza, lakini klarineti hakuitupa.

Maisha hayakuwa laini. Mwaka 1928, kule Paris, alipigana na mwenzake kwa bunduki, watu wakaumia. Alifungwa karibu miezi 11, kisha wakamufukuza Ufaransa. Mwaka 1933 kazi ya muziki ilikosekana Marekani. Yeye na Tommy Ladnier wakafungua kaduka ka kushona na kupiga pasi nguo kule Harlem. Mwaka 1939 alirekodi «Summertime», jina likapanda tena. Mwaka 1949 alirudi Paris, watu wakamushangilia, na kisha akahamia Ufaransa kabisa. Alikufa Garches, karibu na Paris, tarehe 14/05/1959, siku aliyotimiza miaka 62.

Tunachukua nini pale? Bechet hakushika Albert kwa kichwa ngumu, wala hakununua soprano kwa kufuata wengine. Mara zote mbili alisikiliza kazi yenyewe. Mu mugodi, viatu, kofia na mashine ya kutoboa jiwe mara nyingi vinachaguliwa na watu wa biro, wasioshuka chini. Anayekishika chombo njo anajua kama kinafaa. Aulizwe mbele ya kununua, si kisha ajali. Sisi wa sendika tutaendelea kuomba hiyo.