Carl Jung: Daktari wa ndoto aliyekaa kimya Mlima Elgon akisubiri jua

Kalangalala, Geita, na sehemu nyingi za Usukumani, mtu akisema ameoteshwa jambo, wazee hawamcheki. Watamuuliza ameona nini na nani kamtokea.

Kumbe kuna daktari maarufu wa Ulaya aliyefika Afrika Mashariki akiuliza maswali hayo hayo.

Carl Gustav Jung alizaliwa Julai 26, 1875 huko Kesswil, Uswisi, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Basel, kisha akatibu wagonjwa wa akili Zurich. Alikuwa mtu wa karibu wa Sigmund Freud, lakini mwaka 1913 wakaachana kabisa.

Hapo mambo yakawa magumu. Akiwa macho kabisa, alianza kujiwa na picha za mafuriko na damu, akaogopa kwamba anarukwa na akili.

Badala ya kuzikimbia, Desemba 1913 aliamua kuziingia kwa hiari. Alikaa, akajiachia, akaiacha ndoto ije huku anajitambua, kisha akaandika alichokiona. Mwaka huo huo Mholanzi Frederik van Eeden alichapisha utafiti kuhusu ndoto ambazo mwotaji anajua wazi kwamba anaota. Njia zao zilitofautiana, ila wote walitaka akili isizimike ndoto inapoingia.

Jung alisaidiwa na utulivu. Hofu ilipozidi, alifanya mazoezi ya yoga mpaka moyo utulie, halafu akairudia kazi. Hakutaka kuzifukuza zile picha, alitaka apate nguvu ya kuzitazama. Familia na wagonjwa wake nao walimkumbusha kila siku yeye ni nani.

Mwishoni mwa 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaendelea mpaka Kakamega na Mlima Elgon. Huko, kila kabla ya mapambazuko, alichukua kiti chake akakaa chini ya mgunga, akitazama tu mwanga unavyoingia bondeni. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa saa takatifu kuliko zote za siku.

Baadaye asubuhi aliketi na wenyeji kupiga soga, akijikongoja na Kiswahili chake cha kamusi. Alipogusia ndoto, watu walisita.

Siku moja akaja mzee laibon, mganga wa jadi, amevaa joho la ngozi za kima. Alipoulizwa kuhusu ndoto, machozi yakamlengalenga. Alieleza kwamba zamani malaibon waliota, wakajua kama inakuja vita, maradhi au mvua, na mifugo ipelekwe wapi. Tangu Wazungu waje, hakuna aotaye tena. Sasa anayejua kila kitu ni DC.

Jung alielewa uzito wa maneno hayo. Mzee hakupoteza usingizi, alipoteza kazi. Ndoto zake ziliwahi kuongoza jamii nzima, na sasa hakuna aliyezihitaji.

Jung alirudi Ulaya kupitia Uganda, Sudan na Misri, akaendelea kuandika kuhusu ndoto hadi uzeeni. Alifariki Juni 6, 1961 nyumbani kwake Küsnacht, akiwa na miaka 85. Zile ndoto zake za macho, alizozinakili na kuzichora kwa mkono katika Kitabu Chekundu, zilichapishwa mwaka 2009, karibu miaka 50 baada ya kuzikwa kwake.