Kolbe: Mjerumani aliyeunda asidi ya siki bila tunda wala pombe

KATIKA nusu ya kwanza ya karne ya 19, wasomi wengi bado waliamini kuwa asidi kama ile inayoipa siki ukali wake haingepatikana ila kutokana na viumbe wenye uhai. Hermann Kolbe, mwana wa kasisi aliyezaliwa Septemba 27, 1818 karibu na mji wa Göttingen, Ujerumani, ni miongoni mwa walioizika imani hiyo.

Mwalimu wake, Friedrich Wöhler, alikuwa ametengeneza yurea maabarani mnamo 1828, lakini wenye shaka hawakunyamaza. Mnamo 1845 Kolbe akaonyesha safari nzima. Aliunganisha kaboni na salfa, akaitia klorini bidhaa iliyopatikana, akapitisha mvuke wake katika neli yenye moto mkali, kisha akauacha mwanga wa jua ufanye kazi yake mbele ya klorini na maji. Hatua ya mwisho ilikuwa kuiondoa klorini, na kilichobaki kilikuwa asidi ya siki.

Miaka miwili baadaye, yeye na Mwingereza Edward Frankland walivumbua njia fupi zaidi: kuchemsha misombo ya jamii ya sianidi pamoja na alkali, nayo ikageuka asidi. Njia hiyo ingali katika vitabu vya kemia.

Lakini kilichowagusa wagonjwa ni kazi yake ya Leipzig. Mnamo 1874 alipasha moto chumvi kavu ya sodiamu na fenoli ndani ya gesi ya kabonidayoksaidi, akapata asidi ya salisiliki kwa wingi. Dawa hiyo, ambayo awali ilitokana na mimea kama vile mierebi, ikawa bidhaa ya kiwandani na bei yake ikashuka. Aspirini, iliyoingia sokoni mwaka wa 1899, hutengenezwa kwayo.

Ajabu ni kwamba mvunja itikadi huyo alizeeka akiwa mlinzi wa itikadi. Akiwa mhariri wa jarida la kemia, aliwachapa wenzake kwa kalamu kali bila huruma. Mnamo 1877 alimkejeli kijana Mholanzi, Jacobus van 't Hoff, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha matibabu ya mifugo mjini Utrecht, kwa kudai kuwa atomi za molekuli zina mpangilio maalumu angani.

Kolbe alifariki Novemba 25, 1884. Mnamo 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa mara ya kwanza, naye mshindi akawa van 't Hoff.