Niels Abel na Mwalimu Wake

Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yatawafaa wazee wa shule hii na vijana walio madarasani sasa. Labda mlitazamia mwalimu wa hisabati kama mimi amchague Newton. Nimemchagua Niels Henrik Abel wa Norwei, kwa sababu habari zake zinaanzia shuleni.

Abel alizaliwa tarehe 5 Agosti, 1802. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1815 alipelekwa katika Shule ya Kanisa Kuu mjini Christiania, mji ambao siku hizi huitwa Oslo. Mwalimu wa hisabati aliyemkuta huko alikuwa mtu wa kiboko. Mwanafunzi mmoja aliyepigwa naye alifariki dunia, na mwalimu huyo akaondolewa kazini. Mwaka 1818 nafasi yake ilishikwa na Bernt Michael Holmboe, kijana aliyemzidi Abel miaka saba tu.

Holmboe hakuchelewa kumtambua. Alimpa vitabu vya Euler, Newton na Lagrange, akamfundisha nje ya vipindi. Mwaka 1820 baba yake Abel alifariki na kuiacha familia katika umaskini. Holmboe alimsaidia kijana kupata fedha za kuendelea na masomo. Alipoingia chuo kikuu mwaka 1821, baadhi ya maprofesa walimchangia kutoka mifukoni mwao.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kila aliyesoma aljebra anajua kwamba mlinganyo wa kipeo cha pili una kanuni yake: unaingiza namba, unatafuta kipeuo cha pili, jibu linapatikana. Katika karne ya 16 Waitalia walipata kanuni za kipeo cha tatu na cha nne. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 250, watu waliitafuta kanuni ya kipeo cha tano bila mafanikio. Abel, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alidhani ameipata. Kazi yake ikapelekwa kwa Profesa Degen huko Copenhagen, naye akamtaka aijaribu kwa mfano wa namba. Alipoijaribu, Abel akaliona kosa lake mwenyewe.

Hakuona haya kukosea, wala hakuliacha swali. Aliligeuza tu: je, huenda kanuni hiyo haipo kabisa? Mwaka 1824 alithibitisha kwamba haipo. Ukitumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeuo tu, hakuna kanuni itakayotatua kila mlinganyo wa kipeo cha tano. Mwitalia Paolo Ruffini alikuwa amelisema jambo hilo mwaka 1799, lakini uthibitisho wake ulikuwa na pengo. Abel aliichapisha kazi yake kwa fedha zake mwenyewe. Ili kupunguza gharama aliibana ikawa kurasa sita, hata ikawa vigumu kufuatwa.

Mwaka 1825 alipata fedha za serikali za kusafiri nje. Mjini Berlin alikutana na August Leopold Crelle, ambaye mwaka 1826 alianzisha jarida la hisabati na kuchapa humo uthibitisho ule kwa urefu. Mjini Paris mambo hayakwenda vizuri. Insha kubwa aliyoiwasilisha kwenye Akademia ya Sayansi mwaka huohuo alikabidhiwa Cauchy aisome, naye akaiweka kando.

Wakati huohuo chuo kikuu cha kwao kilikuwa na nafasi moja ya kufundisha hisabati. Akapewa Holmboe. Wengine wangegombana na mwalimu wao kwa jambo kama hilo, lakini wawili hawa walibaki marafiki. Abel alirudi mwaka 1827 akiwa na madeni, akaishi kwa kufundisha vijana, huku akiandika makala baada ya makala. Kifua kikuu kilimwua tarehe 6 Aprili, 1829, akiwa na umri wa miaka 26. Siku mbili baadaye Crelle alimwandikia barua kumjulisha kwamba kazi imepatikana Berlin.

Chema chajiuza, lakini hiki kilichelewa kupata mnunuzi. Mwaka 1830 Akademia ilimpa tuzo pamoja na Jacobi. Mwaka 1839 Holmboe alikusanya maandishi ya mwanafunzi wake na kuyachapa. Insha ya Paris ilitoka mwaka 1841.

Siku hizi mtafiti hupimwa kwa idadi ya wanaozitaja makala zake. Abel amepita kipimo hicho. Mwaka 1870 Camille Jordan alilitumia jina lake katika nadharia ya makundi, na leo kundi ambalo ndani yake a mara b ni sawa na b mara a huitwa kundi la Abel. Watu hulitamka jina hilo kila siku bila kutaja makala yake hata moja, kwa kuwa limekwisha kuwa neno la kawaida la aljebra.

Norwei ilianzisha Tuzo ya Abel mwaka 2002, na mwaka 2003 Jean-Pierre Serre wa Ufaransa akawa wa kwanza kuipokea. Mwaka 2005 ikafuata tuzo nyingine, ya walimu wa hisabati wa nchi hiyo. Hiyo inaitwa Tuzo ya Holmboe.

Vijana, kosa lililosahihishwa kwa mfano wa namba lilimfikisha Abel mbali. Nasi wazee, tukirudi shuleni kwa sherehe, tuulize pia ni kijana gani anahitaji kitabu.